Namba ya kawaida, mgonjwa anayepepesuka: kisa cha fenitoini wodini

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia wafamasia wanaohama kutoka dirisha la dawa kwenda wodini. Hakuna mgonjwa mmoja halisi nyuma yake, lakini kila hatua iliyomo hutokea hospitalini, na hesabu zake ni zilezile zinazotumika kazini. Nimeichagua fenitoini kwa makusudi. Ni dawa ya zamani ya kuzuia mishtuko ya kifafa na inajulikana, kila mfamasia amejibu swali lake kwenye mtihani, na bado inaendelea kuwaumiza wagonjwa ambao karatasi zao za maabara hazina alama yoyote ya hatari.

Mgonjwa

Mzee wa miaka 61, uzito kilo 58, alilazwa kwa kiharusi. Siku ileile ya kwanza alipata mishtuko ya kifafa mara mbili. Alipewa fenitoini kupitia mshipa, kwanza dozi kubwa ya kuanzia, kisha miligramu 300 kwa siku. Kumeza kulikuwa kumemshinda, kwa hiyo aliwekewa mpira wa kulishia kupitia puani, na chakula cha maji kikawa kinapita humo mchana na usiku bila kukatizwa. Baada ya siku chache fenitoini nayo ikabadilishwa kuwa dawa ya maji na kupitishwa kwenye mpira huohuo.

Siku ya 6 kipimo cha damu kilionyesha fenitoini miligramu 5 kwa lita, wakati kiwango kinachotafutwa kwa kawaida ni 10 hadi 20. Albumini, protini ya damu inayoshika dawa hii, ilikuwa gramu 30 kwa lita. Daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi akapandisha dozi kufika miligramu 200 mara mbili kwa siku. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa siku ile, na nawaomba wasomaji wasiuguse. Dawa ilikuwa kweli haifiki ya kutosha kwenye damu.

Siku ya 9 alihamishiwa wodi ya kawaida. Siku ya 11 mpira ulitolewa, akaanza kula chakula laini kwa mdomo, familia ikafurahi. Dawa ya maji ikaendelea, sasa anainywa mwenyewe kutoka kwenye kikombe kidogo. Dozi ikabaki miligramu 200 mara mbili.

Siku ya 16, siku ya Jumatano, damu ilichukuliwa asubuhi kabla ya dozi. Fenitoini 12. Albumini 18. Figo zinafanya kazi vizuri. Kwenye karatasi ya maabara, mbele ya ile 12, hapakuwa na nyota wala mshale. Kiwango cha kawaida.

Jumatano mchana

Mfamasia wa wodi hiyo alikuwa katika mwaka wa pili tangu asajiliwe, na wiki chache tu tangu aanze kugawanya siku yake kati ya dirisha na wodi. Alipopitia majibu ya maabara, macho yake hayakuishia kwenye 12. Yalienda kwenye 18.

Kwa mtu mwenye albumini ya kawaida, takriban asilimia 90 ya fenitoini iliyo kwenye damu imeshikwa na protini hiyo, na asilimia 10 tu ndiyo huru. Iliyo huru ndiyo inayofika kwenye ubongo na kufanya kazi. Maabara nyingi hupima jumla ya zote mbili. Albumini ikishuka, sehemu iliyoshikwa inapungua, jumla inaonekana ndogo, huku iliyo huru ikiwa palepale au hata juu. Ndiyo sababu ipo fomula ya Sheiner na Tozer: kiwango kilichopimwa kinagawanywa kwa jumla ya 0.1 na mara 0.2 ya albumini iliyoandikwa kwa gramu kwa desilita. Albumini ya 18 kwa lita ni 1.8 kwa desilita. Mara 0.2 inatoa 0.36, ongeza 0.1 unapata 0.46. Kumi na mbili ukigawanya kwa 0.46 ni 26.

Yaani kwa mgonjwa huyu, 12 ya karatasini ilikuwa inafanya kazi ya 26.

Alihesabu mara mbili. Kisha akafungua kurasa za mwisho za faili, zile ambazo wafamasia huandikia, akaandika kwa mwandiko safi: “Fenitoini iliyorekebishwa kwa albumini ni 26. Tafadhali fikirieni kupunguza dozi.” Akaweka sahihi na saa. Dirishani kulikuwa na foleni na mwenzake alikuwa peke yake, kwa hiyo alirudi huko.

Dozi ya jioni ilitolewa. Dozi ya Alhamisi asubuhi ilitolewa.

Alhamisi asubuhi

Usiku wa kuamkia Alhamisi muuguzi aliandika kwamba mzee “amelala sana, anashindwa kusimama vizuri akipelekwa chooni”. Baadaye akaandika kwamba mkono wake wa kulia ulitikisika kwa muda mfupi. Daktari wa zamu aliyepita asubuhi alikuwa na wagonjwa wengi. Alisoma neno moja, kutikisika, akatafuta kiwango cha fenitoini, akaona 12, akafikiri kama madaktari wengi wangefikiri: mgonjwa ana kifafa, anatikisika, dawa iko karibu na ukingo wa chini, kuna nafasi ya kupandisha. Akaandika dozi ya nyongeza ya miligramu 300 mara moja, kisha miligramu 250 mara mbili kwa siku.

Oda hiyo ikaja kwa mfamasia yuleyule ili aitoe.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa cha ukuaji wa kitaaluma. Alipoiona, jambo la kwanza alilosema kwa mfamasia mwandamizi aliyekuwa karibu ni: “Lakini mimi niliandika jana.” Ni kweli aliandika. Mwandamizi hakumlaumu na hakumsifu. Alimuuliza swali moja: “Umemwona mgonjwa?” Hakuwa amemwona. Alikuwa ameliona faili lake.

Wakaenda wote wawili.

Kitandani

“Shikamoo, mzee.”

Kimya. Kisha, baada ya muda ambao kwa mtu mwenye afya ungeonekana mrefu mno, jibu likaja limeburutwa: “Mara… haba.” Binti yake, aliyekuwa ameketi pembeni, akasema: “Dada, baba hakuwa hivi Jumapili. Jumapili alikuwa anashika kikombe mwenyewe.”

Mfamasia akamwomba mzee afuate kidole chake kwa macho bila kugeuza kichwa. Kidole kilipofika pembeni, macho yalifika lakini hayakutulia. Yalikuwa yanachezacheza, yanavutwa kurudi katikati kisha yanaruka tena pembeni. Upande wa pili yakafanya vilevile. Alipoambiwa aguse pua yake, halafu kidole cha mfamasia, kwa mkono ambao kiharusi hakikuuathiri, alikosa mara zote.

Fenitoini inapopanda huwa na mpangilio unaofahamika. Macho kuchezacheza huanza mara nyingi kiwango kinapovuka 20, kupepesuka hufuata kinapoelekea 30, na kuchanganyikiwa na kusinzia sana kinapokaribia 40. Wagonjwa hawafuati mstari huo kwa utii, lakini ishara za mzee huyu zilikuwa zinalingana na 26, na hazikuwa zinalingana hata kidogo na 12. Mtikisiko wa mkono nao haukuwa ushahidi kwamba dawa ni ndogo. Fenitoini ikizidi inaweza yenyewe kuleta mitikisiko, na ikizidi mno inaweza hata kuleta mishtuko ya kifafa.

Wapo wafamasia waandamizi watakaosema kwamba kuangalia macho ya mgonjwa si kazi yetu. Sikubaliani nao. Mfamasia hatoi utambuzi wa ugonjwa pale. Anatafuta madhara ya dawa aliyoitoa yeye mwenyewe, na hakuna mtu wodini anayepaswa kuyajua madhara hayo vizuri kumzidi.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili lilipatikana kwa bahati. Wakiwa wanaondoka, mwandamizi aliinua chupa ya fenitoini kutoka kwenye toroli ya dawa. Ilikuwa imebaki robo. Akaiinamisha polepole. Sehemu ya juu ilimwagika kwa wepesi, na chini kukabaki tope zito lililogoma kusogea. Dawa hii ya maji ni unga uliotawanywa kwenye kimiminika. Isipotikiswa vizuri kila mara, dozi za mwanzo wa chupa huwa hafifu na za mwisho huwa kali. Hakuna anayeweza kusema mzee alipata kiasi gani cha ziada kutoka kwenye tope lile. Lakini chupa ile ilikuwa imetoka famasi bila mtu kumkumbusha muuguzi kwa mdomo kuitikisa.

Simu mbili

Walirudi kwenye meza ya wauguzi na mfamasia kijana akapiga simu. Mazungumzo ya kwanza yalikuwa hivi, na nayaandika kama yalivyo kwa sababu yanasikika kila siku:

“Samahani daktari, nilikuwa naomba tu kuuliza kuhusu fenitoini ya kitanda namba 7, kama labda tungeangalia…”

“Kiwango ni 12, kipo sawa. Mgonjwa anatikisika. Naomba dawa ipelekwe.”

“Sawa, daktari.”

Simu ikakatwa. Mwandamizi angeweza kuichukua na kumaliza jambo kwa dakika moja, maana daktari anamfahamu na angemsikiliza. Hakuichukua. Alimwomba muuguzi asitoe chochote kwa mzee huyo kwanza, kisha akampa kijana karatasi na kumwambia aandike mistari minne: nini kinatokea sasa hivi, kimetokana na nini, yeye anafikiri tatizo ni nini, anaomba nini kifanyike. Ni mpangilio uliotoka jeshi la majini la Marekani na kuingia hospitalini kupitia watu wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la nchi hiyo. Wafamasia wengi wameusikia kwenye semina, wachache wameutumia sauti ikiwa inatetemeka.

Simu ya pili:

“Daktari, ni mfamasia wa wodi tena. Naomba dozi ya nyongeza ya fenitoini kwa kitanda namba 7 isitolewe mpaka tumalize kuongea. Nimetoka kumwona mgonjwa sasa hivi. Amesinzia, macho yanachezacheza pande zote mbili, na anakosa pua kwa mkono mzima. Dozi yake ilipandishwa siku ya 6 alipokuwa analishwa kwa mpira, na mpira ulitolewa siku ya 11. Albumini yake ni 18, kwa hiyo ile 12 inalingana na takriban 26. Nafikiri dawa imemzidi. Naomba tusimamishe fenitoini kuanzia sasa, tupime tena Jumamosi asubuhi, na uje umwone.”

Kimya kidogo. Kisha: “Mpira ulitolewa lini?”

Swali hilo ndilo lililofungua mlango. Daktari hakuuliza kuhusu fomula. Aliuliza kuhusu mpira, kwa sababu mpira ulimpa hadithi inayoeleweka: dozi iliyopandishwa kwa sababu fulani, na sababu hiyo haipo tena. Alikuja baada ya robo saa, akamwangalia mzee mwenyewe, akafuta oda yake na kusimamisha fenitoini.

Kwa nini kiwango kilipanda

Uchambuzi wa kawaida wa kisa kama hiki huishia kwenye albumini. Hapo nataka tukae kidogo, maana kosa la kufikiri ni rahisi.

Albumini kushuka hakukumwongezea mzee dawa. Fenitoini huondolewa na ini kwa mwendo wa taratibu. Sehemu huru ikiongezeka kwa sababu protini imepungua, ini hupata dawa zaidi ya kuchakata, na baada ya muda kiasi huru hurudi karibu na kilipokuwa. Kinachobaki kimeshuka ni jumla. Kwa hiyo albumini ilificha tatizo tu. Tatizo lenyewe lilitoka kwingine.

Lilitoka kwenye mpira. Chakula cha maji kinachopita bila kukatizwa hupunguza sana kiasi cha fenitoini kinachofyonzwa. Ndiyo sababu inashauriwa kusimamisha chakula saa 1 hadi 2 kabla na baada ya dozi, na kuusafisha mpira kwa maji. Kwa mzee huyu chakula hakikusimamishwa, hivyo ile 5 ya siku ya 6 ilikuwa matokeo ya dawa kupotea njiani. Dozi ikapandishwa kufidia kilichopotea. Siku ya 11 mpira ukatoka, upotevu ukakoma, na fidia ikabaki.

Halafu kuna tabia ya fenitoini ambayo ndiyo inayoifanya iwe hatari kuliko dawa nyingi. Vimeng'enya vya ini vinavyoichakata hujaa. Chini ya kiwango fulani, kuongeza dozi kidogo huongeza kiwango kidogo. Vimeng'enya vikishajaa, ongezeko dogo la dozi hupandisha kiwango kwa kasi isiyolingana nalo kabisa. Miligramu 100 zaidi kwa siku kwa mzee wa kilo 58, ambaye sasa anafyonza dawa yote, zilitosha kumvusha. Miligramu 300 za nyongeza na dozi mpya ya 250 mara mbili zingempeleka mahali pabaya sana.

Mfamasia kijana alipitia pia orodha ya dawa nyingine kutafuta zinazozuia vimeng'enya hivyo: flukonazoli haikuwepo, isoniazidi haikuwepo, na valproeti, ambayo huiondoa fenitoini kwenye protini na kuzuia isichakatwe, haikuwepo. Hatua hiyo aliifanya bila kuambiwa na mtu.

Na fomula yenyewe? Isichukuliwe kama mizani. Wapo wanaopendekeza 0.25 badala ya 0.2 kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wazee na waliotoka kwenye uangalizi wa mahututi, na ukiitumia hapa unapata karibu 22 badala ya 26. Kwa wagonjwa mahututi makadirio yake yanaweza kukosea pakubwa. Njia bora ni kupima fenitoini huru moja kwa moja, ambayo kiwango chake ni 1 hadi 2, lakini maabara nyingi hazina kipimo hicho au jibu lake huchelewa. Basi fomula ikuambie uende ukamwone mgonjwa. Hapa 22 na 26 zote zilisema jambo moja, na macho ya mzee yalithibitisha.

Alichokijua na alichokifanya

Narudi kwa mfamasia, kwa sababu huyu ndiye ninayemwandikia.

Jumatano mchana alikuwa anajua kila kitu kilichohitajika. Fomula aliijua. Madhara aliyajua. Ungempa mtihani siku ile angepata alama zote. Na mgonjwa alikunywa dozi mbili zaidi baada ya yeye kujua, na nusura apewe ya tatu kubwa kuliko zote.

Mwaka 1990 George Miller, mwalimu wa tiba wa Marekani, alipendekeza tuupime umahiri wa wahudumu wa afya kwa ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha akifanya, na anafanya kweli kazini. Mwaka huohuo Hepler na Strand, wataalamu wa famasia, walitoa hoja iliyobadilisha mwelekeo wa taaluma yetu, kwamba mfamasia awajibike kwa matokeo anayoyapata mgonjwa kutokana na dawa, na asiishie kwenye kuitoa. Ukiziweka hoja hizo mbili pamoja, udhaifu wa mafunzo yetu mengi unaonekana wazi. Semina hupima ngazi ya kwanza. Mitihani hufika ya pili. Pointi za mafunzo endelevu tunazokusanya kila mwaka nyingi zinatoka humo humo. Ngazi ya nne haipimiki ukumbini, na ndiyo pekee ambayo mzee wa kitanda namba 7 aliihitaji.

Ujumbe kwenye kurasa za mwisho za faili ulikuwa mzuri kwa maana zote isipokuwa moja: haukuwa na mpokeaji. “Tafadhali fikirieni” haimlengi mtu. Haisemi nani, lini, wala nini kitatokea asipofikiri. Naelewa kwa nini kijana huandika hivyo. Ni heshima, na ni woga pia, na ni mazoea ya miaka ya kukaa nyuma ya kioo ambako kazi huisha dawa inapokabidhiwa. Ila jambo lenye hatari ya kiwango hiki linahitaji mtu mwenye jina, kwa sauti, siku ileile, kabla ya dozi inayofuata. Maandishi yafuate kama kumbukumbu.

Simu ya kwanza ilishindwa kwa sababu hiyohiyo. Alianza kwa kuomba radhi na akamaliza kwa “labda”. Daktari alisikia swali la mtu asiye na uhakika, akalijibu kwa uhakika wake. Simu ya pili haikuwa na ukali wowote. Heshima ilikuwepo yote. Tofauti ilikuwa kwamba ombi lilitangulia, kisha kikaja kitu alichokiona kwa macho yake, kisha hesabu. Ningemshauri mfamasia yeyote auweke mpangilio huo kichwani: mgonjwa kwanza, namba baadaye. Daktari anaweza kubishana na fomula. Ni vigumu kubishana na macho yanayochezacheza.

Na mfamasia mwandamizi, kutoichukua simu ile ndilo lilikuwa somo. Linahitaji ujasiri, maana ukimya wako unaweza kumgharimu mgonjwa. Aliufanya kuwa salama kwa kumzuia muuguzi kwanza. Bila hatua hiyo angelazimika kuongea mwenyewe, na angekuwa sahihi kufanya hivyo. Kulea mfamasia kusifanyike juu ya mgongo wa mgonjwa.

Hoja ya foleni

Nimewahi kusikia jibu hili kwa wengi na nalichukulia kwa uzito: wodini tunaenda saa ngapi, na dirisha abaki nani? Mfamasia huyu hakuondoka wodini Jumatano kwa uvivu. Alirudi kwa sababu mwenzake alikuwa amezidiwa. Tamko la Basel la mwaka 2008, lililotolewa chini ya Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia, linataka wafamasia wa hospitali wawe sehemu ya timu ya tiba na waweze kuona kumbukumbu za mgonjwa. Hilo ni lengo zuri, lakini halimpunguzii mtu foleni.

Kinachowezekana hata kwa watu wachache ni kuchagua. Hakuna anayeweza kumpitia kila mgonjwa kila siku. Wapo wagonjwa ambao dawa zao zina nafasi finyu kati ya kuponya na kudhuru: fenitoini, warfarini, digoksini, litiamu, gentamisini, vankomisini. Orodha hiyo ichapishwe kila asubuhi, na mfamasia aanzie hapo. Na ndani yao, wa kwanza wawe wale waliobadilikiwa na kitu siku iliyopita: figo zimeshuka, dawa mpya imeongezwa, wamehama wodi, mpira umewekwa au umetolewa.

Hilo la mwisho ndilo nataka lisisitizwe kwenye kila hospitali. Kutolewa kwa mpira huandikwa kama habari ya lishe. Muuguzi anajua, mtaalamu wa lishe anajua, daktari anajua, mfamasia hajui. Katika kisa hiki, timu ilikubaliana kuongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kutoa mpira: je, kuna dawa iliyobadilishwa dozi au umbo wakati mgonjwa akilishwa kwa mpira? Jibu likiwa ndiyo, famasi inapigiwa simu siku hiyohiyo. Fomu imebadilika, ila bado inategemea muuguzi wa zamu akumbuke dozi ya siku ya 6, na kwa mgonjwa aliyehama wodi hilo ni gumu. Njia ya uhakika zaidi ni yule anayepandisha dozi aandike sababu palepale kwenye chati ya dawa: “400 kwa siku kwa sababu ya chakula cha mpira, ikaguliwe ukitolewa.” Maneno kumi tu. Yangekuwepo, kisa hiki kisingekuwepo.

Mabadiliko ya pili yalikuwa ya mfamasia mwenyewe. Daftari lake la ushauri lilikuwa na safu mbili, tarehe na alichoshauri. Sasa lina nne zaidi: nilimwambia nani, alijibu nini, nini kilifanyika, mgonjwa aliishia vipi. Safu ya mwisho ndiyo inayouma kuijaza, kwa sababu inakulazimisha kurudi. Idara nyingi huhesabu idadi ya ushauri uliotolewa, na zilizoendelea kidogo huhesabu uliokubaliwa. Kwa maoni yangu daftari la aina hii, likijadiliwa na mwandamizi kila mwisho wa mwezi, lina thamani kubwa kwa ukuaji wa mfamasia kuliko vyeti vya kuhudhuria, na vyombo vinavyosimamia taaluma vingefanya vyema kulipa pointi zake.

Jumamosi na baada yake

Jumamosi asubuhi, baada ya dozi tatu kusimamishwa, fenitoini ilikuwa 7. Macho yalikuwa yametulia karibu kabisa, na mzee alijibu salamu kabla haijamalizika. Daktari na mfamasia walikubaliana aanze tena kwa miligramu 150 mara mbili kwa siku, chupa mpya, muuguzi ameonyeshwa jinsi ya kuitikisa na binti naye ameonyeshwa, kwa sababu ndiye atakayeitoa nyumbani.

Lakini ile 7 ilileta kazi mpya. Mbele yake kwenye karatasi ya maabara safari hii kulikuwa na alama: chini ya kawaida. Ukiigawanya kwa 0.46 unapata 15, mahali panapotakiwa hasa. Daktari yeyote wa zamu ya Jumapili, asiyejua yaliyotokea, angeona alama hiyo kwa mgonjwa wa kifafa na angepandisha dozi kwa nia njema. Mfamasia aliandika kwenye chati ya dawa, pembeni ya fenitoini na si kwenye kurasa za nyuma: “Kiwango 7 kwa albumini 18 kinatosha. Usipandishe bila kuongea na mfamasia wa wodi.” Kisha akampigia mfamasia wa zamu ya wikiendi akamsomea.

Barua ya kuruhusiwa nayo ilibeba maelezo hayo kwa urefu kidogo, kwa kuwa albumini ya mzee itapanda akiendelea kula na kupata nafuu. Ikipanda, jumla ya fenitoini itapanda nayo kwenye karatasi bila dozi kuguswa, na mtu wa kliniki anaweza kudhani dawa imezidi, akaipunguza, mishtuko ikarudi. Kwa hiyo barua inataja dozi, kiwango cha mwisho na albumini ya siku hiyo pamoja, na inaomba kiwango na albumini vipimwe tena pamoja kliniki. Kwenye daftari la mfamasia, safu ya mwisho ya mgonjwa huyu bado iko wazi hadi majibu hayo yarudi.